Wiki Tatu za Bi Somoe

Alikuja kumwona mjukuu wetu,
mkwe wangu, siku mbili njiani toka Lindi.
Akashuka Ipogolo alfajiri ya mwezi wa saba
na kanga mbili na kandambili.
Nikamvika koti langu la posta, lile lenye vifungo vya shaba.
Akatazama watu wa kituoni, akaninong'oneza:
“Mbona kila mtu hapa anavuta sigara, hata watoto?”

Nikatazama.
Ilikuwa pumzi.
Miaka sitini na minne nimetoa moshi ule
bila kuuona ukienda.

Mimi nilikuwa karani. Iringa naijua kwa namba za masanduku:
mia mbili na nne, fundi cherehani;
mia tisa na sita, wale waliohama bila kurudisha ufunguo.
Dirisha langu lilitazama ukuta.
Mji wangu ulikuwa vijumba vya bati, kila kimoja na kufuli lake.

“Nani aliyapanga mawe haya?” akauliza tukipanda mjini.
Nikasema yalijipanga.
“Na hamwogopi?”
Mawe makubwa kuliko kanisa, moja juu ya jingine,
na chini yake watu wamejenga, wameegemeza hata choo.
Kwa Mama Kikoti jiwe limeingia mpaka jikoni;
anakatia nyama juu yake.
Nilipolisema hilo kwa sauti
ndipo niliposikia jinsi lilivyo.

Gangilonga alitaka kwenda. Jiwe linaloongea, kasikia wapi sijui.
Mara ya mwisho nilipanda nikiwa darasa la tano.
Akavua mtandio, akalibandika sikio,
nami nikageuka kuangalia nani anatuona.
Akakaa hivyo muda mrefu.
“Linasema nini, mkwe?”
“Baridi tu.”

Sokoni alinunua peasi, akalinusa,
akauliza linamenywa au linavunjwa.
Nilimzungusha njia ya mbali kukwepa kilabu cha ulanzi.
Akacheka mpaka akashika ukuta:
“Harufu imefika kabla yetu. Unamficha nani?”

Siku ya pili alijua kusema kamwene.
Siku ya tano alikuwa na marafiki kumi na mmoja Mlandege.
Mimi ninao watatu, na mmoja ni marehemu.

Kuna asubuhi ukungu ulishuka ukala mtaa wote,
ukabakiza paa la msikiti na nusu ya nguzo ya umeme.
Nilikuwa nalaani, maana nguo hazitakauka.
Yeye alisimama uani na mtoto mgongoni
akimwonyesha kwa kidole vitu visivyokuwapo:
pale pana mlima, pale pana shule, pale pana babu yako,
nami nilikuwa pale kweli, kwenye kamba ya nguo, nimeshika soksi.

Usiku, jiko la mkaa katikati yetu, akasema:
“Nyumba zenu hazina baraza.
Zote zimeupa upepo mgongo.
Sasa ninyi mnaonana wapi?”

“Misibani,” nikajibu.
Nilidhani atacheka.
Akachukua koleo, akapanga makaa upya,
moja moja, kama mtu anayetafuta kitu chini yake.

Ameondoka Jumanne. Koti ameliacha limekunjwa,
mfukoni kuna mbegu mbili za peasi ndani ya karatasi.
Editha anasema huenda alisahau.
Mimi sisemi kitu.

Jana jioni nimetoa kigoda, nikakiweka mbele ya mlango,
upande wa barabara, nikakaa.
Sikujua mikono iwekwe wapi.
Gari la mbao likapita. Jua likawa juu ya mawe,
jekundu kwenye yale ya juu tu, chini kumeshaingia usiku,
na sijui kama ndivyo lilivyo kila siku.

Mwachang'a akatokea, koti limefungwa mpaka kidevuni.
Akasimama.
“Mzee Kalinga, umefungiwa nje?”
“Hapana.”
Akangoja niongeze neno.
Pumzi yake ikatoka, ikapinda kona ya ukuta, ikaenda.
Nikataka kumwambia kaa.
Kigoda kilikuwa kimoja.